Kazi ya Jeki ni Kunyanyua

Baba alipofariki mwaka 2023 tuligawana vitu vyake. Kaka alichukua baiskeli na redio. Mama alibaki na koti zito ambalo baba alilivaa safari za Mbeya. Nilipoulizwa mimi nataka nini, nikasema jeki. Watu wakacheka. Shangazi akasema, "Wewe huna hata gari, hiyo jeki utanyanyulia nini?" Nikacheka nao. Sikuwaambia sababu.

Ni jeki ya chupa, ya tani 10. Rangi yake ya bluu imebaki kwenye pembe tu, na kibandiko cha kiwandani kilishabanduka zamani. Ilikaa stoo ya nyumbani kwetu Morogoro, imefungwa kwenye kiroba nyuma ya debe la mahindi, na baba hakuigusa tena tangu mwaka 1999. Hakuiuza wala hakuitupa. Vijana wa vyuma chakavu walipita mtaani kwetu na mizani yao, na baba aliwauzia vitu vingi, mpaka sufuria zilizotoboka. Jeki, hapana.

Niliileta Dar nikaiweka kwenye rafu ya vitabu, kati ya kamusi na riwaya. Wageni walidhani ni pambo, na mimi nikawaacha wadhani hivyo. Baada ya miezi kadhaa nikavuta kitabu kimoja cha rafu ya chini, kikagoma kutoka. Kilikuwa kimenata. Jeki ilikuwa inavuja.

Nikampigia mjomba, mdogo wake mama, ambaye ana gereji pale Msamvu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama, habari za huko?"

"Nzuri. Mjomba, jeki ya baba inavuja."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Ile ya bluu? Unayo wewe?"

"Ninayo."

"Ilete."

Sasa hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, la sivyo msomaji hutaelewa kwa nini nilikaa wiki tatu nzima kabla ya kuipeleka.

Baba alikuwa dereva wa lori. Mwaka 1999 aliendesha Bedford ya tajiri mmoja wa Morogoro, akibeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kupeleka Kariakoo. Utingo wake alikuwa huyu huyu mjomba, kijana wa miaka 20 na kitu wakati huo. Mimi nilikuwa na miaka 10, niko darasa la nne.

Siku moja baba alikuwa nyumbani anahudumia vifaa vya gari, akanituma dukani kununua oili ya jeki. Sikupewa karatasi, nilipewa hela na maneno tu: "Waambie oili ya jeki." Nilipofika kwenye duka la spea, muuzaji akasema hana, lakini anayo oili ya breki na kazi ni ile ile, zote zinakwenda kwa presha. Akanipimia kwenye chupa ya soda kwa bei pungufu. Chenji iliyobaki nilinunua lambalamba mbili, nikazila zote njiani.

Baba alipokea ile chupa, akaiangalia kwenye mwanga. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

Neno moja tu. Angeniuliza zaidi ningesema, maana sikuwa mtoto wa uongo sana. Lakini hakuuliza, na mimi nilikuwa nimekula chenji.

Kama wiki mbili baadaye, wakiwa na mzigo karibu na Doma, tairi ya nyuma ya ndani ilipasuka. Walinyanyua ekseli, wakatoa tairi zote mbili. Nati moja ikadondoka ikabingirika chini ya drumu. Baba akapeleka mkono wa kushoto kuichukua, na jeki ikashuka. Alirudi nyumbani baada ya siku tisa za hospitali, mkono umefungwa bandeji, vidole viwili havipo.

Wakati ule sikuunganisha mambo haya mawili. Mtoto angejuaje? Niliyaunganisha nikiwa chuo mwaka wa pili, nimesimama gereji nikisubiri gari la rafiki yangu. Fundi alikuwa anamfokea kijana wake aliyetaka kujazia oili ya breki kwenye jeki. "Unataka kuua raba? Unataka kuua mtu?" Nilisimama pale, miguu imekufa ganzi. Tangu siku hiyo nimetembea na jambo hili miaka kama 13. Nimeandika habari za ajali, nimehoji majeruhi, nimeuliza watu wazima maswali magumu mbele ya kamera. Baba nilimwona kila likizo akishika kikombe kwa vidole vitatu, na sikuwahi kumuuliza.

Ndiyo maana nilitaka jeki. Kama kuna ushahidi, uko ndani yake.

Nilipanda basi Mbezi asubuhi na mapema, jeki imo kwenye ndoo ya plastiki, ndoo imo kwenye begi. Njiani nikafanya kile ninachofanya nikiogopa, yaani nikasoma. Mfaransa Blaise Pascal, katika karne ya 17, ndiye aliyeeleza kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, msukumo unasambaa sawasawa pande zote. Joseph Bramah wa Uingereza akatumia kanuni hiyo kutengeneza mashine ya kukandamiza na kupata hataza mwaka 1795. Mwaka 1851 fundi Richard Dudgeon wa New York akapata hataza ya jeki ya haidroliki inayobebeka. Nilimweleza mjomba haya yote tulipokaa, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa. Shika tochi."

Gereji ya mjomba ni banda la mabati, mwembe mmoja, na magari ambayo mengine yameota majani. Alimwondoa kijana kwenye jiriwa, akafungua kizibo cha raba pembeni ya jeki, akaiinamisha juu ya bakuli. Kilichotoka ni kidogo, cheusi, kama chai iliyochemka siku nzima. Akachovya kidole, akanusa. Akaomba kikombe cha maji.

"Angalia hapa, mama."

Kwanza akachukua oili safi ya haidroliki kwenye galoni, akadondosha matone mawili kwenye maji. Yakaelea, yakatengeneza duara. Akamwaga, akaweka maji mengine, akadondosha matone ya ile iliyotoka kwenye jeki. Yakazama, yakasambaa, yakapotea. Maji yakabaki na rangi tu.

"Oili ya kweli haikubali maji," akasema. "Hii imekubali. Hii ni oili ya breki." Akageuka. "Nani aliweka hii?"

Nilikuwa nimeandaa sentensi kadhaa ndani ya basi. Zote zikapotea kama yale matone.

"Mimi. Yaani, baba ndiye aliyeiweka, lakini mimi ndiye niliyenunua. Nilimwambia ni ya jeki."

Nikamsimulia yote, pamoja na lambalamba. Sijui kwa nini nilisisitiza lambalamba. Mjomba hakusema kitu. Alichukua spana ya bomba, akafunga jeki kwenye jiriwa, akaanza kufungua kofia ya juu. Iligoma. Akapasha moto kidogo, akagonga kwa nyundo kuzunguka, akavuta tena, ikaachia kwa kelele kama mlango wa kizamani.

Niliona ndani ya jeki kwa mara ya kwanza, na ndani hamna mengi. Kuna pistoni ndogo, ile unayoipiga kwa mtaimbo, na pistoni kubwa inayopanda na gari. Kati yao kuna vijia viwili vyembamba, kila kimoja na gololi yake ya chuma. Ukivuta mtaimbo juu, gololi ya kwanza inaachia oili iingie kutoka kwenye tangi. Ukishusha, gololi hiyo inajifunga, ya pili inafunguka, oili inasukumwa chini ya pistoni kubwa. Ya pili ndiyo inayozuia oili isirudi. Kuna gololi nyingine kwenye skrubu ya kushushia. Ukilegeza skrubu, oili inarudi kwenye tangi na gari linashuka.

Tukapima. Pistoni ndogo kipenyo chake milimita 10, kubwa milimita 40. Kipenyo kimezidi mara 4, kwa hiyo eneo limezidi mara 16. Mtaimbo nao unazidisha nguvu ya mkono kama mara 15. Ukiukandamiza kwa kilo 30 tu, nguvu ambayo hata mimi ninayo, kule juu kwa hesabu unapata zaidi ya tani 7. Mzigo wote huo umekalia oili kidogo, raba chache, na gololi ambazo mtoto angezichezea.

Mjomba akatoa raba ya pistoni kubwa kwa ncha ya bisibisi. Ilikuwa imevimba, laini, inavutika kama bigijii. Akaniwekea kiganjani.

"Hii imekufa, sikudanganyi. Oili ya breki imetengenezwa kwa ajili ya raba za breki. Raba za jeki inazila. Tena inanyonya maji kwenye hewa, ndiyo maana humu kuna kutu hivi."

Nikashika ile raba. Nilijiambia, haya, ushahidi ndio huu, umeupata.

"Lakini subiri," akasema. Alikuwa amefungua skrubu ya kushushia, na gololi yake ikadondokea kwenye kitambaa. Akaipeleka kwenye mwanga, kisha akaniita nichungulie tundu lilimotoka. Pale gololi inapokaa palikuwa na kovu, na ndani ya kovu kipande cha chuma chembamba kama kucha ya mtoto.

"Na hii je? Uchafu ukikaa hapa, gololi haikai sawa. Leo inashika, kesho inashika, keshokutwa gari likitikisika kidogo inaachia. Raba ikifa, mara nyingi jeki inashuka polepole, unaiona. Siku ile haikushuka polepole. Mimi nilikuwepo."

"Kwa hiyo ni ipi, mjomba? Raba au gololi?"

"Sijui."

"Mjomba, wewe fundi miaka yote hii."

"Ndiyo maana nakwambia sijui. Ningekuwa mwanafunzi ningekwambia ni gololi, ufurahi, urudi Dar." Akafuta mikono. Akakaa kwenye rimu. "Tena si raba wala si gololi. Kaa nikwambie."

Lile lori lilikuwa na vipande viwili vya mataruma ya reli, mbao ngumu nzito, ambavyo baba alivibeba kila safari. Kazi yake ilikuwa moja: ekseli ikishanyanyuliwa, vinawekwa chini yake, halafu ndipo mtu anaingiza mkono. Kuviweka ilikuwa kazi ya utingo. Siku ile vilikuwa vimefukiwa nyuma na magunia ya vitunguu, jua kali, na kijana amechoka. Baba alimwambia, "Weka magogo." Mjomba akajibu, "Dakika tano tu shemeji, tunafunga tairi tunaondoka."

"Dakika tano," mjomba akarudia. "Jeki kazi yake ni kunyanyua. Kushikilia si kazi yake. Hata iwe mpya, imetoka kwenye boksi leo asubuhi, haishikilii mtu. Babako alijua, mimi nilijua. Oili yako ingekuwa asali, magogo yangekuwepo babako angekuwa na vidole 10."

Nikauliza kama mama anajua. Akatikisa kichwa. Hospitali baba alimwambia, usimwambie dada yako, tutasema jeki ilikuwa mbovu. Na wakasema hivyo. Nyumbani kwetu miaka yote hadithi ilikuwa hiyo: jeki ilikuwa mbovu. Mimi niliisikia nikadhani ni mimi wanayenisema bila kujua. Mjomba aliisikia akajua ni yeye anayefichwa. Tumekula naye sikukuu ngapi, tumecheka, tumezika pamoja, kila mmoja na lake. Jeki imebeba lawama zetu zote kwenye kiroba.

Hatukukumbatiana wala nini. Mjomba alisimama akasema raba hazijinunui, akamtuma kijana mjini na ile ya zamani iwe kipimo. Kabla kijana hajaondoka, mjomba alichana boksi la sigara akaandika vipimo vyote kwa kalamu. "Wakikwambia hakuna, rudi mikono mitupu. Usichukue kinachofanana." Kijana akanitazama akishangaa kwa nini nacheka huku nafuta macho.

Kazi ilichukua siku iliyobaki, na nilifanya nilichoweza. Niliosha vipande vyote kwa mafuta ya taa, mara tatu, mpaka kitambaa kikatoka safi. Pistoni kubwa ilikuwa na madoa ya kutu. Nikaisugua kwa msasa wa maji ulio laini kabisa, nimeupaka oili, kuzunguka na si juu na chini, maana mikwaruzo ya wima ndiyo njia ya oili kutorokea. Penye kovu, mjomba alitoa kile kipande, akasafisha, akaweka gololi ya zamani mahali pake, akaigonga pigo moja tu kwa fimbo ya shaba ili itengeneze kikao kipya, kisha akaitupa na kuweka gololi mpya. Kulikuwa na skrubu nyingine ndogo iliyofichwa, nikaielekezea bisibisi, akanizuia. Hiyo inalinda jeki isinyanyue zaidi ya uwezo wake, imepimwa kiwandani, haiguswi.

Kijana alirudi na raba sahihi, zimegharimu shilingi 15,000. Tukazilainisha kwa oili safi kabla ya kuzivalisha, kwa vidole, bila bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu unaziua. Tukajaza oili ya haidroliki namba 32, jeki imesimama wima na pistoni iko chini kabisa, mpaka kwenye ukingo wa tundu, si zaidi. Kisha tukalegeza skrubu, nikapiga mtaimbo kama mara 15 kutoa hewa, tukaangalia oili tena, tukafunga.

Jioni tukaiweka chini ya ekseli ya Canter lenye mzigo. Nilipiga mtaimbo mwenyewe. Sijawahi kunyanyua kitu kizito namna ile, na kilipanda kimya kimya. Mjomba akaweka magogo mawili chini, akaacha nafasi ya vidole viwili kati ya gogo na ekseli, ili kama jeki ikishindwa gari litue hapo. Akachora mstari wa chaki kwenye pistoni, pale inapotokea kwenye kofia. "Tulale."

Asubuhi tulikwenda kabla ya chai. Mstari ulikuwa umeshuka unene wa ukucha.

"Imeshindwa?" nikauliza.

"Hapana. Ni jeki nzuri. Usiku mzima, ukucha mmoja! Nyingine mpya hazifiki hapo." Akapiga magogo kwa mguu. "Ila umeona. Hata nzuri inashuka."

Sikurudi nayo Dar. Mjomba alisema jeki isiyofanya kazi raba zake hukauka, na kwangu hakuna cha kunyanyua isipokuwa vitabu. Akawaambia vijana masharti yake: ihifadhiwe imesimama, pistoni imeshushwa yote isishike kutu, na atakayemwona mwenzake chini ya gari bila magogo amvute miguu hata kama ni mimi.

Kwenye basi la kurudi nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukipa uzito. Baba alipotoka hospitali, hakunituma tena dukani kwa mdomo. Kila alichotaka, hata chumvi, alikiandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa, akanipa mkononi. Nilidhani ni kwa sababu nimekua. Alikuwa dereva wa miaka mingi. Harufu ya oili ya breki hawezi kuwa hakuijua. Kama aliinusa, hakuniambia, kama ambavyo hakumsema mjomba kwa mama. Sina namna ya kumuuliza sasa. Ninazo zile karatasi mbili tatu zilizosalia kwenye daftari langu la shule, na nimeziweka pale kwenye rafu, mahali palipokuwa na jeki.

Wiki iliyopita mjomba alinitumia picha kwenye simu, bila maneno. Fuso limeegeshwa chini ya mwembe, tairi za nyuma zimetolewa, na jeki ya baba iko chini ya ekseli, bluu yake kidogo inaonekana. Niliikuza picha nikatafuta kitu kingine kwanza. Magogo yapo. Mawili.